Masika Yanabisha Hodi, Bibi Anataka Kuvunja Kizingiti

Jumamosi ya wiki iliyopita nilimkuta Bibi amekaa kwenye kigoda nje ya mlango mkubwa, mkongojo mapajani, anakikodolea macho kizingiti cha nyumba yake kama anayemsubiri mdeni wake atoke ndani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Hebu nitafutie fundi. Nataka hili dude livunjwe."

Nilidhani nimesikia vibaya. Tupo Machi. Kila alasiri mawingu yanajikusanya upande wa baharini, jua linachoma kama lina kisasi, Mamlaka ya Hali ya Hewa imeshatoa mwelekeo wa msimu, na bajaji yenye kipaza sauti imepita mara mbili kuhimiza watu wazibue mitaro. Huku Tandale, Dar es Salaam, huu ndio wakati wa kujaza mchanga kwenye viroba, kupandisha kitanda juu ya matofali na kumpigia fundi aje kuongeza. Sijawahi kusikia mtu anaita fundi mwezi Machi aje kupunguza.

Bibi si bibi yangu wa damu. Ni mwenye nyumba wangu tangu 2013, nilipohamia na begi moja na godoro la futi tatu na nusu, chumba cha tatu kushoto. Ila ukishakaa na mtu miaka yote hiyo mnagawana choo, bomba na mita moja ya umeme wa LUKU, undugu unakuja wenyewe, na matusi ya utani yanafuata nyuma.

Kizingiti chenyewe ngoja nikieleze, maana bila kukiona huwezi kuelewa kwa nini maneno yake yalinishtua. Ni ukuta mdogo unaokatiza mlangoni, unafika chini kidogo ya goti langu, na mimi si mfupi. Kuingia ndani unanyanyua mguu kama unapanda mtumbwi. Ukikitazama ubavuni, pale lipu ilipobanduka, unaona tabaka juu ya tabaka. La chini kabisa ni saruji nyeusi laini, ya enzi marehemu mumewe alipojenga. Juu yake kuna tofali lililolazwa, la 2011. Halafu lingine, jembamba, lenye lipu ya rangi tofauti, la 2014. La juu kabisa, lililopakwa saruji nyekundu kwa mbwembwe, ni la 2018. Wengine wanahesabu miaka kwa watoto waliozaliwa. Nyumba yetu inahesabu kwa mafuriko.

Ya 2011 sikuwepo, lakini nimesimuliwa mpaka naona kama nilikuwepo. Ilikuwa Desemba, tarehe 20, wakati ambao mtu hategemei kitu, vuli inamalizikia na masika bado miezi mitatu. Mvua ikashuka siku mbili, tatu. Jiji zima watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, na baadhi ya waliokuwa Jangwani na mabondeni walihamishiwa Mabwepande, mbali kule kaskazini, wakaanza moja kwenye mahema. Bibi anasimulia kwa namna yake: "Nimeamka alfajiri, nimeshusha mguu nitafute kandambili, zimenijia zenyewe."

Miaka michache baadaye wakaja vijana wa vyuo, wa Ardhi na wa Mlimani, na simu mkononi, wanachora ramani. Ule mradi wa Ramani Huria. Tandale ilikuwa imeshachorwa mapema, tangu 2011, na kwa sisi tuliozoea kuonekana kwenye ramani za jiji kama doa la kijivu lisilo na hata njia moja, ilikuwa jambo la ajabu kuona kichochoro chako kimeandikwa. Mmoja wao, binti mpole sana, akamuuliza Bibi maji yalifika wapi. Bibi akajishika kiuno. Binti akaandika. Jirani wa mbele alipoulizwa akajishika goti. Bibi akamkatiza: "Huyu muongo, goti lake yeye ni kiuno cha mtu." Jirani yetu ni mrefu kweli.

Na hayo maji si maji ya mvua tu. Tuseme ukweli wa uswahilini. Mto Ng'ombe unapojaa, kuna watu walikuwa wanausubiri. Choo cha shimo kikishajaa, gari la kunyonya haliwezi kuingia vichochoroni, na vyura, wale vijana wanaozama shimoni kwa mikono yao, wanataka hela ambayo mtu hana. Basi mvua kubwa ikianza usiku, tofali la pembeni ya choo linatolewa kimyakimya. Kutapisha, ndivyo tunavyoita. Kila mtu analaani kutapisha na kila mtu anaijua nyumba inayotapisha, ila nyumba hiyo siku zote ni ya jirani. Kipindupindu kilipoanzia Dar Agosti 2015 na kusambaa nchini, wataalamu walipita na dawa ya kutibu maji wakitufundisha kunawa mikono. Tulinawa. Mashimo yalibaki palepale.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hatupendi kulisema. Kichochoro chetu hakikuzama kwa sababu ya mto peke yake. Tulikizamisha wenyewe. Baada ya kila mafuriko, aliyekuwa na uwezo alinunua kifusi, tripu moja ya toroli au kirikuu kizima, akamwaga mbele ya mlango wake ili maji yasimfikie. Maji hayabishani na mtu. Yalihamia kwa wa pembeni. Wa pembeni naye akamwaga kifusi. Mwaka unaofuata yule wa kwanza anajikuta yuko shimoni tena. Nimekaa hapa zaidi ya miaka kumi na nimeona kichochoro kikipanda kama unga kwenye sinia, mpaka madirisha yaliyokuwa kifuani kwa mpita njia sasa yako magotini, na ukipita jioni unaona watu wanakula wali ndani kama unachungulia kisimani. Barabara imepanda, nyumba zimeshuka, na hakuna mkandarasi wa kumlaumu. Ni sisi na matoroli yetu.

Mambo yalianza kubadilika kwa mto. Kama huujui Mto Ng'ombe, usihangaike kutafuta kitu cha fahari. Ni mto wa kupitia kati ya Sinza na Manzese, unakuja kutukata sisi, unaendelea mpaka unamwaga Msimbazi. Wakati wa kiangazi ulikuwa mfereji wa maji meusi na mifuko, watoto wanauruka kwa mkimbio mmoja. Masika ulikuwa unakula kingo. Ulikuwa ukilala na chumba cha uani, unaamka umebaki na mlango wake tu. Kupitia mradi wa DMDP, ule wa uendelezaji wa jiji ambao Benki ya Dunia iliidhinishia dola milioni 300 mwaka 2015, mto ukapanuliwa na kujengewa kingo za zege kwa zaidi ya kilomita nane. Kabla ya hapo zilikuja zile alama za X nyekundu ukutani, tathmini, foleni za fidia, majirani kuaga. Mama aliyekuwa akiniuzia vitumbua alilipwa akaenda kujenga Bunju. Kila nikila kitumbua cha mtu mwingine naona kimepungua iliki.

Zege lilipokauka, nilikuwa miongoni mwa waliobeza. Nikasema ni mtaro tu, ngoja masika yenyewe yaje. Nilikuwa naona watu wanatupa taka mle ndani hata kabla mafundi hawajaondoa mbao zao.

Masika yenyewe yakaja 2024. Mwaka wa El Niño. Mvua zilianza tangu vuli na hazikujua kuondoka. Aprili ndiyo mwezi wetu wa mvua kuliko yote, kwa kawaida peke yake hushusha karibu robo ya mvua ya mwaka mzima hapa Dar, na ile Aprili haikuwa ya kawaida. Mwishoni mwa mwezi Waziri Mkuu alisimama bungeni akasema watu 155 wamefariki nchini kwa mvua na mafuriko. Halafu mwanzoni mwa Mei, tukiwa tunafikiri imetosha, kikaja Kimbunga Hidaya. Boti za Zanzibar zikasimama, sisi tukajifungia ndani.

Usiku mmoja wa Aprili hiyo sikulala. Hakuna aliyelala. Tulikuwa tumesimama kando ya mto na tochi za simu, wanaume kwa wanawake, watoto wamebebwa migongoni wamefunikwa mifuko ya salfeti, tunautazama. Uliunguruma kama lori linapanda mlima. Uliteremsha kila kitu: mbao, makopo, kochi la watu wawili lililosimama wima kama lina abiria. Maji yakapanda mpaka yakabakiza kama urefu wa mkono wangu kufikia ukingo. Kijana mmoja alikuwa kaweka alama ya chaki kwenye zege na kila dakika chache anapiga kelele: "Bado! Bado!" Saa tisa usiku akasema, "Yameshuka kidole." Hakuna aliyeshangilia. Watu waligeuka tu, mmoja mmoja, wakaenda kulala.

Asubuhi sakafu ya Bibi ilikuwa kavu. Alizunguka chumba hadi chumba na mkongojo, anagonga sakafu, anahakikisha. Kisha akasema, "Basi mume wangu angekuwepo." Akimaanisha yule wa kweli.

Tangu hapo mtaa wetu umekuwa na habari za kila aina, na nyingi ni nzuri, sitaki nionekane mtu wa kulalama tu. Barabara ya lami inayotupitia ina mitaro pande zote mbili na taa. Taa hizi watu wa mjini juu huwezi kuwaeleza. Zamani saa mbili usiku genge limefungwa. Sasa saa nne bado kuna mihogo ya kukaanga, dada wa chipsi, mafundi viatu wanaopiga nyundo chini ya nguzo kwa umeme wa bure, na watoto wawili wa darasa la saba wanaosoma pale kwa sababu kwao LUKU imeisha. Tulipata pia vibao vya anwani za makazi 2022, kabla ya sensa ile iliyokuta tupo watu 5,383,728 mkoa mzima. Nyumba yetu ina namba, mtaa una jina kwenye nguzo. Bodaboda bado wanaelekezwa "pale palipokuwa na mwembe." Mwembe ulikatwa miaka sita iliyopita.

Kodi nayo imepata habari. Chumba changu niliingia kwa 35,000 kwa mwezi. Cha jirani, kilekile kwa vipimo, mpangaji mpya kakichukua kwa 60,000, kalipa miezi sita na ya dalali juu. Bibi hajanipandishia, na sijui nimshukuru au nikae kimya asikumbuke. Wenzangu watatu wa zamani wameshahamia Goba na Kibamba. Walivumilia maji miaka yote, mto ulipotulia wakashindwa kodi. Kuna jambo hapo linaniuma ambalo sijui nimtumie nani bili yake.

Mifuniko ya mitaro ya chuma imeibiwa mingi, imekwenda kwenye mizani ya chuma chakavu, na mashimo yake yamesimikwa matawi na matairi kuonya watu. Mimi mwenyewe niliingiza mguu mmoja Februari. Na mbu ndio hao: maji yakishindwa kupita kwenye mtaro uliojaa chupa, yanatuama, na mwenye kumbukumbu ya dengue ya 2014 na 2019 anajua mbu wa mchana si wa kupuuza. Jumamosi moja tulitoka na majembe na koleo kuzibua kipande chetu. Tulijaza viroba 23. Nilihesabu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nafunga kamba. Chupa, nepi, magunzi, kandambili moja moja zisizo na wenzake, na tofali zima ambalo hakuna aliyekiri ni la nani.

Upande wa soko, msimu umeanza kuuma. Mvua ikikata njia za mashambani, nafaka inachelewa kufika sokoni hapa Tandale na bei inajua kabla yetu. Mkaa umelowa na bado wanapima kopo lilelile. Nyanya za kwenye genge zinaoza upande mmoja, unauziwa upande mwingine. Mchicha pekee ndio rafiki. Mvua kidogo tu na fungu linanenepa. Mimi nafanya kazi Kariakoo kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, na kwangu masika yana maana ya Jangwani. Bonde likijaa barabara inafungwa, mabasi ya mwendokasi yanakatiza safari, na mteja anakupigia anataka kadi zake za harusi wakati wewe umesimama Magomeni unatazama ziwa. Linatakiwa daraja kubwa pale, na mipango ya kuliboresha bonde zima la Msimbazi tumeisikia na nyumba nyingi za bondeni zimeshalipwa zikabomolewa. Siku nikivuka Jangwani na mvua ya Aprili kwa viatu vikavu nitaandika makala nyingine.

Turudi mlangoni kwa Bibi.

Sababu yake ya kutaka kuvunja si mto, ni goti. Amevuka miaka 70, goti la kulia limevimba tangu Idi, na kile kizingiti anakivuka mara zisizopungua kumi kwa siku: chooni, bombani, jikoni uani, kumuona nani anapita. Kila mara anashika fremu ya mlango, anavuta mguu, anasoma dua, anavuta wa pili. Mwezi uliopita alianguka, si vibaya, lakini alianguka. "Mafuriko yanakuja mara moja kwa miaka," aliniambia. "Goti liko hapa kila siku."

Ijumaa wanawe wakakusanyika. Mkubwa, anayeishi Mbagala, alikataa katakata. Mama, tumehangaika kukijenga, mto ule ni zege la watu, likipasuka je? Mdogo, wa kike, akasema akae yeye hapa wiki moja amwone mama anavyotambaa kuingia ndani mwake, ndipo aongee. Yakawa maneno. Mimi mpangaji nilikuwa nimekaa barazani najifanya nasoma simu. Mkubwa akaniita: "Wewe shemeji, wewe ndiye unakaa hapa. Unauamini ule mto?"

Sikuwa na jibu. Nikakumbuka ule urefu wa mkono uliobaki kwenye zege. Mkono mmoja ni mwingi au ni mdogo? Nikamwambia ukweli, kwamba mimi bado naweka cheti changu cha kidato cha nne juu ya kabati, ndani ya mfuko wa plastiki, kama nilivyofanya 2014. Lakini kitanda nimekishusha kutoka kwenye matofali.

Bibi akadakia: "Basi. Na mimi nataka nusu kama yeye."

Fundi alikuja jana asubuhi na tindo, nyundo na kijana wa kumsaidia. Makubaliano: tabaka la 2018 litoke, la 2014 nalo litoke, la 2011 libaki. Bibi alisisitiza hilo libaki. Alikaa kwenye kigoda kama msimamizi, anaelekeza kwa mkongojo. Ile saruji nyekundu ya mbwembwe ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani. Fundi akatoka jasho mpaka akavua shati. Ya 2014 ilitoka kwa kupiga mara tatu tu, ikamong'onyoka kama mkate mkavu, na Bibi akamwambia fundi kwamba aliyeijenga alikuwa yeye. Fundi akakana. Bibi akasema ana risiti.

Alipomaliza kulainisha, Bibi alisimama, akashika fremu, akanyanyua mguu kwa mazoea, juu kama zamani, akakanyaga hewa, akayumba. Sote tukamrukia. Akatusukuma. Akarudi nje, akajaribu tena taratibu, mguu mmoja, wa pili, akawa ndani. Akatoka. Akaingia. Nadhani alifanya hivyo mara nne.

Saa kumi wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi upande wa Kinondoni na upepo umeanza kuinua mifuko. Fundi akafagia vipande, rundo la kujaza toroli moja, akauliza aviweke wapi.

"Mwaga hapo mbele," Bibi akasema, "pajae pajae kidogo."

Dirisha la mbele likafunguka kabla hajamaliza. "We Mama! Usimwage hapo! Maji yatakuja kwangu!"

Tone la kwanza lilimpiga fundi begani, toroli likiwa limeinuliwa nusu.